MWANA AKIBEBWA HUTAZAMA KISOGO CHA NINA

Hotuba juu ya mama na malezi ya kwanza ya watoto, iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Bariadi



Twajua ya kuwa wengi wenu mmefika hapa moja kwa moja kutoka kazini, wala hamjatia kitu tumboni tangu adhuhuri. Kwa hiyo tutajitahidi kusema yenye maana na kuyaacha ya mapambo. Jambo tulilopewa kulisema ni mama, na jinsi anavyoweka msingi wa tabia njema katika moyo wa mtoto. Si jambo geni. Walakini jambo lisilo geni ndilo watu hulipita bila kulitazama, kama mtu apitaye kila siku penye mbuyu ulio karibu na mlango wake asijue una matawi mangapi.

Wengine watauliza, Chama cha makarani kina nini na malezi? Kazi ya Chama ni kutazama mishahara, vyeo, nyumba na uhamisho. Twajibu hivi. Mtu aibaye fedha za Serikali hakuwa mwizi siku ile alipokabidhiwa ufunguo wa kasha. Siku ile alipata nafasi tu. Tabia alikuja nayo kutoka kwao. Kadhalika karani mwaminifu, ambaye aweza kuachwa peke yake na fedha za watu kutwa nzima zisipungue hata senti moja, hakufundishwa uaminifu huo na kitabu cha kanuni za utumishi. Basi atakaye kujua uaminifu wa ofisi watoka wapi, na aiache ofisi aende jikoni.

Wazee wa pwani wana methali isemayo, Mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Nina ni mama. Mtoto aliye mgongoni hauoni uso wa mamaye, wala hapewi mawaidha. Aona kisogo tu. Illakini mama aendako, naye aenda. Mama ainamapo, naye huinama. Mama asimamapo njiani kuzungumza na jirani, mtoto yupo, asikia yote. Hivyo ndivyo afundishwavyo: si kwa maneno aambiwayo, bali kwa mwendo achukuliwao. Hilo ndilo neno letu la jioni hii, na yote yatakayofuata ni kulifafanua.

1. UMRI WA KUANZA

Watu wengi hudhani ya kuwa mafunzo ya mtoto huanza siku anaponunuliwa sare na daftari. Sivyo. Katika mkoa wa Mara, jirani zetu wa kaskazini, kipo kijiji cha Butiama. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa huko mwaka 1922, naye hakuingia shuleni mpaka mwaka 1934, alipopelekwa Mwisenge, Musoma. Hesabuni wenyewe: ni karibu miaka kumi na miwili bila mwalimu wala ubao. Miaka hiyo aliishi katika mji wa babaye, Mtemi Burito, mji wenye wake wengi na watoto wengi, akalelewa na mamaye, Mugaya wa Nyang'ombe, na akachunga mifugo kama watoto wenzake. Mtoto wa mji kama ule hana budi kujua kuamkia wakubwa, kungoja zamu yake, kugawana chakula na kusikiliza anenapo mwingine. Walimu wa Mwisenge walimfundisha kusoma na kuandika. Hayo mengine walimpokea nayo.

Wataalamu nao wamelitazama jambo hili, tena si mbali na kwetu. Mwaka 1954 na 1955 mwanamke mmoja mwenye elimu ya nafsi, jina lake Mary Ainsworth, alikaa Uganda akiwatembelea akina mama katika vijiji vya karibu na Kampala. Alichunguza watoto wachanga 28 nyumbani kwao, akirudi kila baada ya majuma mawili hivi kwa muda wa miezi mingi, na habari zake alizitoa katika kitabu mwaka 1967. Aliona ya kuwa mtoto ambaye mamaye amjua vema na kumwitikia aliapo, hakuwa mtoto wa kulialia. Alitulia, akathubutu kutambaa mbali kidogo ili avitazame vitu vya ulimwengu, kisha akarudi kwa mamaye kama chombo kirudivyo bandarini. Elimu hii leo yasomwa katika vyuo vya dunia nzima.

Kwetu sisi maana yake ni nini? Kabla mtoto hajaweza kuwa mtu wa kuaminika, yampasa kwanza amwone mtu wa kuaminika. Alia, aitikiwa. Aona njaa, anyonyeshwa. Aahidiwa, apewa. Hapo ndipo ajuapo ya kuwa neno la mtu laweza kutegemewa. Mtoto asiyeliona jambo hilo nyumbani, tutamwambia nini akiwa mkubwa juu ya kutimiza ahadi?

Wasukuma, wenyeji wetu wa hapa, hawakungoja kitabu. Mtoto ajuapo kusimama, mama humfundisha maamkio. Humwambia ya kuwa kwa rika lake aweza kusema "Wangaluka", bali kwa mkubwa hana budi kusema "Mwangaluka". Na binti hufundishwa kupiga goti. Tofauti ni herufi moja tu, lakini ndani ya herufi ile mna elimu nzima ya kujua ya kuwa ulimwengu huu una watu wengine waliotangulia. Jioni wanaume na vijana walikuwa wakiota moto shikome, na huko wazee waliwapa vijana habari za ukoo na za ushujaa. Watoto wadogo walibaki na mama na bibi penye mafiga, wakitegana vitendawili: mmoja akisema "Kalagu!", wenzake wakijibu "Kize!" Mtoto aliyejifunza kungoja mwenzake amalize kitendawili amejifunza nusu ya adabu ya mkutano, nusu ambayo hata sisi wakubwa twaikosa siku nyingine katika mikutano yetu.

2. KAZI NDOGO NA FUNZO KUBWA

Katika miaka ya 1950 wataalamu walichunguza malezi ya watoto katika jamii sita. Moja ilikuwa Afrika ya Mashariki, ndiyo Nyansongo katika nchi ya Wakisii, Kenya. Nyingine zilikuwa katika Uhindi, Ufilipino, Japani, Meksiko na Marekani. Beatrice na John Whiting walipotoa matokeo mwaka 1975, ilionekana ya kuwa watoto wa Nyansongo walikuwa mbele katika kuwasaidia wengine na kushika madaraka, na watoto wa mji ule wa Marekani walizidi katika kutaka wao watazamwe na kusaidiwa. Sababu haikuwa damu wala rangi. Mama wa Nyansongo alikuwa na shamba la kulima na maji ya kuteka, asiweze kuyamaliza yote peke yake. Kwa hiyo aliwapa watoto kazi ya kweli. Mtoto alimshika mdogo wake, akakoka moto, akatazama ng'ombe. Alijua ya kuwa akilala, mdogo wake ataanguka, na ng'ombe wataingia shambani mwa watu.

Tena mwaka 1973 Carol Ember alitoa habari za watoto wa Kiluo huko Nyanza, Kenya. Wako wavulana ambao nyumbani kwao hapakuwa na dada wa kumsaidia mama, kwa hiyo wao ndio waliopewa kazi za jikoni na za kuwatunza wadogo. Wavulana hao walionekana kuwa na upole zaidi na ugomvi mdogo kuliko wenzao ambao hawakupewa kazi hizo. Twawaomba akina baba walishike neno hili, maana wengi wetu humwondoa mtoto wa kiume jikoni kwa kusema ya kuwa jiko si mahali pake. Twadhani twamfanya mwanamume; kumbe twamnyima darasa.

Hatuna haja ya kwenda Kenya kutafuta mfano. Mkoa wetu ni mkoa wa pamba. Wakati wa kuvuna, mama huenda shambani na watoto wake, na pamba ikisha kuvunwa yapasa ichambuliwe: pamba safi mahali pake, pamba fifi mahali pake. Yuko mama akaaye chini ya kivuli na wanawe, akawaonyesha moja moja: hii ina doa, hii imeshika jani kavu, itieni huku. Yuko na mwingine asemaye, "Changanyeni tu, mnunuzi hataona." Na yuko wa tatu, ambaye usiku hunyunyizia pamba maji, au hutia mchanga kidogo katikati ya mzigo ili uzito uzidi.

Mama hawa watatu hawakutoa hotuba yo yote juu ya haki. Hakuna aliyesema, "Wanangu, leo nitawafundisha uaminifu," wala aliyesema, "Leo nitawafundisha wizi." Hata hivyo watoto wamekwisha jua. Wa kwanza amejua ya kuwa kitu kibaya hakiitwi kizuri, hata kama bei itapungua. Wa pili amejua ya kuwa dhambi ni kuonekana. Wa tatu amejua ya kuwa mizani ni kitu cha kuchezewa. Miaka ishirini haikawii kupita. Mtoto yule wa tatu naye atakuwa karani wa ghala, au mweka hesabu, au mpimaji, na sisi tutashangaa, tukiuliza ametoka wapi mtu huyu.

Twajua litakalosemwa. Litasemwa ya kuwa wako wanunuzi wenye mizani ya uongo, na mkulima aliyepunjwa miaka yote ana haki ya kujilipiza. Hatukatai ya kuwa wakulima wamepunjwa, nasi kama watumishi yatupasa kusimama upande wao wanapopunjwa. Lakini mtoto hana habari za malipizi. Yeye auona mchanga tu, na mkono wa mamaye.

Twaongeza neno moja, tusije tukasikiwa vibaya. Kazi tuisemayo ni kazi ya kadiri ya mtoto, ifanywayo karibu na mzazi, isiyomtoa shuleni wala kumvunja mgongo. Kumtwisha mtoto mzigo wa mtu mzima si malezi. Ni uchoyo wa mzazi.

3. KINYWA CHA NYUMBA

Sasa tuje kwenye maneno. Sote twajua mambo ya tarehe ishirini, mshahara ukiwa umekwisha na mwenye duka akabisha hodi. Baba yu chumbani. Amwambia mkewe, na mke amwambia mtoto, "Nenda umwambie baba hayupo." Mtoto atoka, asema, "Baba amesema hayupo." Watu hucheka kwa habari hii, lakini si ya kuchekesha. Mtoto yule bado yu mkweli, na nyumba nzima imekutana kumwondolea ukweli wake. Safari ya pili atasema vizuri zaidi. Safari ya tatu atasema uongo huo bila kutumwa, na siku hiyo atamwambia baba mwenyewe. Ni afadhali mara mia mama atoke aseme, "Bwana, hatuna leo, tupe siku kumi," hata kama kuna fedheha. Fedheha ya deni hupita. Deni la uongo hurithiwa.

Kadhalika habari za vitu vidogo. Mtoto arudi kutoka shuleni na penseli isiyo yake. Mama mwenye busara hasemi, "Ni penseli tu." Wala hamtumi mtu mwingine kuirudisha ili mtoto asione haya. Amshika mkono, aenda naye, na mtoto mwenyewe airudisha. Wala asije baba jioni ile ile akamletea mtoto rundo la karatasi za ofisi ili achorechore, maana hapo mama ajenga na baba abomoa.

Liko jambo jingine, zito zaidi, na hatuwezi kusema juu ya malezi katika nchi hii ya Usukuma tukaliruka. Kwa miaka mingi wamekufa hapa kwetu wanawake wazee wasio na hatia, waliodhaniwa kuwa wachawi. Na alama waliyoonyeshewa mara nyingi ni macho mekundu. Sisi tuliosoma twajua macho yale yametoka wapi. Pasipo na kuni watu hupikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake ni mkali. Bibi yule ameinamia moshi ule miaka hamsini akiwapikia watoto, wake na wa watu. Macho yake ni cheti cha utumishi wake. Kisha anatokea mtu aliyelishwa na chungu kile kile, auona wekundu ule, na badala ya kushukuru, ashika panga. Vivyo hivyo, katika miaka ya 2000 na baadaye, mikoa hii ya Ziwa iliona ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina wa kutafuta utajiri.

Mwuaji wa namna hii hakuanza na panga. Alianza na neno. Alipokuwa mtoto alisikia jikoni, "Usipite kwa bibi yule." Ng'ombe alipokufa, alisikia jina likitajwa kwa sauti ya chini. Mtoto wa jirani alipougua, alisikia jina lile lile. Hakuna aliyemwambia aue. Aliambiwa tu ya kuwa bibi yule si mtu kama watu wengine. Yaliyobaki aliyamaliza mwenyewe.

Basi tazameni uwezo wa mama. Mama yule yule aweza kulijaza sahani matobolwa au michembe, akamwambia mtoto, "Mpelekee bibi, umsalimu kwa adabu, umtekee na maji." Mtoto aliyekula matobolwa pamoja na bibi mwenye macho mekundu, akasikia hadithi zake, akajua jina lake na majina ya wajukuu zake, hatakuja kumshikia panga. Hakuna askari wala hakimu awezaye kufanya kazi hiyo. Askari hufika baada ya damu. Mama aliwahi kuwapo miaka ishirini kabla.

4. NYUMBA ZETU SISI MAKARANI

Mpaka hapa tumesema juu ya mama kwa jumla. Na tujitazame sasa sisi wenyewe. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Tangu hapo watumishi wengi wameletwa hapa kutoka Kagera, Kilimanjaro, Mbeya, Tanga na kwingineko. Tumepangiwa nyumba, tumefungua masanduku, tumeanza kazi. Lakini uhamisho una kasoro moja isiyoandikwa katika barua: hauleti bibi. Huko kwetu mtoto alikuwa na mama, bibi, shangazi, mama mdogo na jirani ambaye aliweza kumwonya bila kuomba ruhusa. Hapa ana mama peke yake, na mama mwenyewe aghalabu ni mwalimu, au mwuguzi, au karani kama sisi, naye hutoka alfajiri.

Ni nani abakiye na mtoto? Ni binti wa kazi, aliyetoka kijijini, ambaye siku nyingine yeye mwenyewe ni mtoto. Hatumlaumu mama kwa kwenda kazini. Nyumba nyingi haziwezi kuendeshwa na mshahara mmoja, na nchi yahitaji wauguzi na walimu. Twasema hivi tu: mtoto atazama jinsi binti yule anavyotendewa. Akiona ya kuwa yeye hula mwisho, huitwa kwa tusi, haulizwi kama ameumwa, amejifunza ya kuwa watu ni wa namna mbili, wanaostahili heshima na wasiostahili. Kesho atakaa nyuma ya dirisha la ofisi, na mkulima atakuja kutoka Itilima au Meatu na vumbi la safari miguuni. Naye atamwambia, "Njoo kesho," bila kuinua macho. Watu watasema Serikali ina dharau. Kumbe dharau ile ilinunuliwa nyumbani, kwa bei ya makombo.

Na simu za mkononi nazo zimekuwa yaya wa nyumba nyingi. Mtoto akilia hupewa simu ili anyamaze. Ni kweli hunyamaza. Lakini mtoto mgongoni mwa mama hutazama kisogo cha mtu, na kisogo cha simu hakijui kuamkia, wala kuona haya, wala kusema "samahani".

5. WAJIBU WA BABA

Twafika penye neno ambalo huenda halitawapendeza mabwana wote. Katika nchi yetu mtoto akifaulu mtihani, baba husema, "Mwanangu." Akikamatwa na polisi, baba humgeukia mkewe, akasema, "Tazama mwanao." Mama ameachiwa kazi yote ya malezi, na lawama yote pia, sifa peke yake ndiyo yenye wazazi wawili. Jambo hili si la haki, tena si la sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka wajibu wa kumlinda na kumwongoza mtoto juu ya wazazi wote wawili, wala haikusema ya kuwa ni kazi ya mama. Sheria hiyo hiyo ilimpa mtoto naye wajibu wake, wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa na kuusaidia umoja wa jamaa.

Tazameni na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ilimwekea mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 ajifunguapo zaidi ya mtoto mmoja, na nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa 2 kwa siku wakati wa kazi. Baba ilimwekea siku 3. Hatukuja kuibishia sheria leo. Lakini twauliza: zile siku 3 tumezitumiaje? Na yule mama anyonyeshaye, aombapo ruhusa yake iliyo haki yake, ni nani amnung'unikiaye ofisini? Si sisi wenyewe, tusemao ya kuwa wanawake hawafanyi kazi?

Kisha kuna desturi ya mama kusema, "Ngoja baba yako arudi." Baba amefanywa kuwa sanamu ya kutishia ndege shambani. Mtoto ajifunza kuogopa mlio wa hatua za baba, wala hajifunzi kuchukia uovu. Na baba akisafiri kwenda Dodoma, uovu nao umepata likizo. Kosa la asubuhi lionywe asubuhi, na yeye aliyeliona. Wala fimbo isifanywe kuwa lugha ya nyumba. Wazee walisema, Samaki mkunje angali mbichi, hawakusema mvunje.

Tunao mfano wa karani mwenzetu wa zamani. Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani katika Idara ya Forodha mwaka 1926, akawa mtumishi wa Serikali miaka mingi. Alifiwa na mkewe, Amina. Karani huyu hakusema ya kuwa malezi ni kazi ya wanawake. Aliwatungia wanawe tenzi mbili za mawaidha, mmoja kwa binti yake na mmoja kwa mwanawe wa kiume. Na kabla yake, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi unaosomwa hata leo. Mmoja mama, mmoja baba. Wote wawili waliona ya kuwa mtu hawezi kumwachia mwanawe urithi bora kuliko tabia. Lakini mkumbuke, tenzi zile ziliandikwa na watu ambao watoto wao walikuwa wameshauona mwenendo wao. Maneno ya mzazi ni muhuri, na muhuri hauna kazi pasipo na barua.

MASHAURI

Ndugu wanachama, hatupendi kuondoka bila kutoa shauri. Tuna mashauri manne, nayo yote hayahitaji fedha.

La kwanza, kila baba aliye hapa ajiwekee saa moja ya jioni ambayo ni ya nyumba yake. Wengi wetu hutoka mtoto hajaamka, na kwa sababu ya baraza na vilabu hurudi mtoto amekwisha lala. Mtoto wa namna hiyo ana baba wa Jumapili tu. Shikome ya zamani ilikuwa na wanaume kila jioni; yetu ina majivu.

La pili, tusimtume mama wala mtoto kusema uongo kwa ajili yetu, hata ule uitwao mdogo. Tukiwa na deni, tutoke wenyewe tuongee na mwenye duka.

La tatu, wakuu wa vyumba vya kazi, na wengine wenu mmo humu, wampe mama anyonyeshaye nafasi yake bila manung'uniko, na wenzake wamshikie kazi kwa muda huo. Hiyo ni saa ya Taifa kama saa nyingine zote.

La nne, Chama kiwaalike wake wa wanachama, na wanachama wanawake, wapange wenyewe mkutano juu ya malezi. Na sisi wanaume tuje tuketi, tusikilize, tusitoe hotuba. Wao wajua mengi ambayo sisi tumeyasoma tu.

Wazee walionya ya kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Twawasihi mtazame tena methali ile tuliyoanza nayo. Mtoto hutazama kisogo cha mama; lakini njia ambayo mama aishika, aghalabu sisi ndio tuliomwelekeza, kwa amri zetu, kwa madeni yetu, kwa kutokuwapo kwetu. Tukimlaumu mama kwa mahali mtoto alipofika, na tujiulize kwanza ni nani aliyempeleka huko. Na mama afanyaye kazi hii vema, bila cheti wala nyongeza ya mshahara, apewe heshima yake angali hai, akiisikia, mbele ya watoto wake. Maana hilo nalo watoto watakuwa wakilitazama.